Siku Tuliyorudi Mlalo kwa Baiskeli



Huku kwetu milimani Usambara baiskeli huhesabiwa kuwa chombo cha mwanaume. Hakuna sheria iliyoandikwa, wala hatujasikia mchungaji akihubiri hivyo, lakini ndivyo tulivyokuta na ndivyo tulivyoolewa. Mwanaume huendesha, mwanamke hupakiwa nyuma kwenye keria, miguu upande mmoja, mtoto mgongoni na mfuko wa unga mapajani. Njia ikianza kupanda, mwanamke hushuka akasukuma. Kwa hiyo barua ilipofika usharikani mwanzoni mwa mwaka 2023, ikieleza kwamba kikundi cha waendesha baiskeli kitapita Mlalo mwezi wa saba na kinaomba akina mama wanne wa hapa wajiunge nacho kwa siku moja, wazee waliisoma mara mbili. Mmoja akasema bila shaka wanaombwa akina mama wa kupika.

Barua haikutaja kupika. Ilisema kuendesha.

Tulijitokeza wanne. Wawili ni wauguzi, mmoja ni mwalimu wa shule ya Jumapili, na wa nne ni mkulima wa kabichi, mama wa watoto sita, ambaye pia ni mhudumu wa kujitolea anayewatembelea wajawazito na wagonjwa wa vijiji vya juu. Mdogo wetu alikuwa na miaka 38 na mkubwa 51. Mwalimu peke yake ndiye aliyewahi kuendesha, tena utotoni, kwa kuiba baiskeli ya kaka yake.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha watu 15, vijana na watu wazima wa sharika mbalimbali, pamoja na wageni wanne kutoka Ujerumani. Walikuwa wanasafiri siku nane kutoka Tanga hadi Moshi, lakini si kwa barabara kuu peke yake. Wangepita Muheza, Korogwe na Mombo, wapande Soni na Lushoto, wavuke milima hadi kwetu Mlalo, kisha wateremke Mng'aro na kuifuata tambarare kupitia Mnazi hadi Mkomazi, ndipo waikute tena lami ya Same na Moshi. Safari za namna hii si ajabu duniani. Iko moja inayotoka Cairo hadi Cape Town, iliyoanza mwaka 2003, ambayo hupita katika nchi yetu, na ndani yake huwamo wanawake, hata wenye wajukuu.

Wala si jambo geni kwa mama Mkristo kujifunza baiskeli akiwa mtu mzima. Frances Willard, Mmarekani aliyeongoza chama cha wanawake Wakristo cha kupiga vita ulevi tangu mwaka 1879 hadi alipofariki mwaka 1898, alijifunza akiwa na miaka 53, na mwaka 1895 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Wakati huo madaktari wengi wa Ulaya na Marekani walikuwa wakionya kwamba baiskeli itamharibu mwanamke viungo vya uzazi. Hapa Mlalo ndiyo kwanza ilikuwa imepita miaka minne tangu wamisionari wa Kijerumani waanzishe kituo chao mwaka 1891, wakakiita Hohenfriedeberg. Tunayataja haya kwa sababu onyo lile lile la madaktari wa zamani, ambalo huko lilikwisha kusahauliwa, sisi tulilisikia jikoni kwetu mwaka 2023.

Tulijifunza kwa wiki tano katika uwanja wa shule, Jumamosi jioni, kwa baiskeli mbili za kuazima. Watoto walikaa kwenye ukingo wa uwanja wakicheka mpaka wakachoka kucheka. Ugumu wa kwanza haukuwa kusimama wala kupiga pedali, ulikuwa mavazi. Kanga inaingia kwenye mnyororo na kukutupa chini. Sketi nyembamba haikuruhusu kupanda. Suruali peke yake, kwa mama wa ndoa wa rika letu, ingeleta maneno mengi kuliko safari yenyewe. Tukashona sketi pana zinazofika chini kidogo ya goti, ndani tukavaa suruali, na upindo wa kulia tukaubana kwa kibanio cha nguo. Fundi cherehani alituuliza kama tunaunda kwaya mpya.

Ugumu wa pili ulikuwa maneno. Mkwe wa mmoja wetu, bibi tunayemheshimu sana, alimwita mkwewe ndani akamwambia, "Mwanangu, wewe umeshazaa, lakini hao wasichana wanaokutazama uwanjani hawajaolewa. Chombo kile kitawaharibia usichana wao, na kizazi kitatikisika."

Hatukumcheka. Yeye ni mama aliyezaa watoto wanane, watano kati yao nyumbani, na analosema aliambiwa na mama yake. Lakini sisi wauguzi tulikaa naye jioni moja kwenye kibaraza na kumweleza kwa heshima, kama tunavyowaeleza ninyi wasomaji. Kizazi kimeshikwa vizuri ndani ya nyonga na hakitikiswi na baiskeli kikaacha kushika mimba. Kuhusu usichana, kile kiwambo ambacho watu hukiangalia hutofautiana kutoka kwa msichana mmoja hadi mwingine tangu kuzaliwa, na hakuna mkunga wala daktari anayeweza kukitazama akajua mwenendo wa binti. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa bikira ukomeshwe kila mahali, kwa sababu hauna msingi wa kitaalamu na unawaumiza wasichana. Kwa mjamzito hatari ni kuanguka, hasa tumbo likishakuwa kubwa na mwili kukosa mizani. Hapo tunashauri aiache baiskeli mpaka ajifungue.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mnajua kusema, nesi." Sijui, pengine ni sifa, pengine sivyo, wenzetu bado wanabishana.

Tulipanda Lushoto kwa basi siku moja kabla, tukalala kwa wenyeji wetu. Asubuhi ile ya Julai kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma vidole, kama mjuavyo baridi ya Lushoto, maana mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wenzetu walikuwa wamepanda kutoka Mombo jana yake, kilomita 33 za kona na mlima, na nyuso zao zilionyesha. Saa 12.30 tulisimama katika duara tukasali. Aliyeongoza ibada alisoma habari za Mariamu kwenda kwa haraka katika nchi ya milima kumtembelea Elisabeti, naye ana mimba. Alisema jambo moja ambalo hatukuwa tumelifikiri: kwamba Injili inatueleza salamu zao na muda Mariamu aliokaa, miezi mitatu hivi, lakini haisemi neno juu ya ile njia. Mama wa kabichi akanong'ona, "Wangeandika wanawake, njia ingekuwamo."

Tulipewa baiskeli zenye gia 21. Kijana mmoja wa Tanga alitufundisha kwa nusu saa namna ya kuzibadilisha, akatuambia sheria moja tu: badilisha kabla mlima haujakushika, si baada. Nyuma yetu ilikuja gari ndogo ya mizigo ikiwa na maji, vipuri, pampu, viraka na sanduku letu la huduma ya kwanza.

Kutoka Lushoto kwenda Magamba ni kupanda tu. Tunasema kweli kwamba katika kilomita za mwanzo tulijuta. Moyo ulipiga hadi masikioni. Vijana walitupita wakiimba, wageni wakatupita wakitabasamu, na mzee mmoja mwenye punda wa mizigo akatupita pia. Lakini kidogo kidogo pumzi ikatulia. Tulijifunza kuendesha polepole sana kwa gia ndogo, macho kwenye mita tano za mbele na si kwenye kona ya juu. Tulikunywa maji kabla ya kuona kiu. Katika chupa mbili tulikuwa tumechanganya ule mchanganyiko tunaowafundisha akina mama kliniki kwa watoto wanaoharisha, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mgeni mmoja alikuwa na pakiti za unga wa wanamichezo za bei kubwa. Alionja yetu, akamaliza chupa.

Msitu wa Magamba, unaopanda hadi zaidi ya mita 2,000, tuliupita kimya. Tumeupita mara nyingi ndani ya basi, tumebanwa, mtoto wa mtu mapajani, redio ikilia. Siku ile tulisikia maji yakitiririka chini ya mizizi, na mbega weusi kwa weupe wakirukaruka juu yetu. Harufu ya majani yaliyooza na udongo baridi ilikuwa nzito. Mwalimu alisema kwamba ameishi wilaya hii miaka 44 na hakujua msitu una sauti.

Nje ya msitu mashamba yakafunguka, kabichi, karoti, viazi na maharage yaliyopandwa kwenye miteremko mikali kiasi kwamba mtu akidondosha jembe huenda akaliokota kijiji cha chini. Na hapo ndipo tulipoanza kuwaona wanawake. Tulikuwa tunajua wapo, sisi wenyewe ni wao. Lakini kwenye basi unawaona kama picha inayopita dirishani. Kwenye baiskeli unakwenda karibu sawa na mwendo wao, mnasalimiana, mnasikia pumzi zao. Tuliwasalimu kwa Kisambaa, "Onga mshi!" na wao wakaitikia "Tiwedi," kisha wakasimama na kushangaa kuona salamu imetoka kwa mama aliye juu ya baiskeli.

Mmoja wetu alianza kuhesabu. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amehesabu wanawake na wasichana 61 waliobeba mizigo, ama kichwani ama mgongoni, kuni, ndoo, majani ya ng'ombe, magunia ya karoti. Wanaume wenye mizigo kichwani aliwahesabu wanne. Wanaume wenye baiskeli au pikipiki 27. Mwanamke mwenye baiskeli, hakuna. Hatuandiki haya kuwasema waume zetu, ambao wengi ni wachapakazi na siku ile wengine walikuwa shambani tusipowaona. Tunaandika tulichokihesabu.

Malori ya mboga yatokayo Lukozi na vijiji vya jirani yalitulazimisha kushuka na kuegemea ukingo. Yakija yamejaa kuelekea Dar es Salaam hayana nafasi ya huruma. Pancha tulipata mbili. Ya pili ilikuwa ya mama wa kabichi, naye alikataa kusaidiwa. Aligeuza baiskeli juu chini, akatoa tairi, akazamisha mpira kwenye beseni la mama mmoja aliyekuwa akifua karibu na njia, akaona mapovu, akabandika kiraka. Mwenye beseni, Mwislamu aliyejifunga ushungi mweupe, aliacha kufua akachuchumaa kutazama kila hatua. Alipoona gurudumu limejaa upepo alitikisa kichwa akauliza, "Kwa hiyo ndiyo hivyo tu?" Kisha akaingia ndani akatuletea matunda damu kwenye sinia, akakataa fedha.

Njia ya Mtae iliachana na yetu, sisi tukashika ya Mlalo.

Tuliwakuta mahali njia inapoanza kuteremka. Walikuwa wawili, wamekaa kwenye jiwe. Mmoja mzee, ana kikapu kilichofungwa kanga, na mwingine msichana mdogo kiumri mwenye mimba kubwa, anashika kichwa kwa mikono yote miwili. Wageni na vijana walikuwa wametutangulia. Mama wa kabichi aliwatambua. Akabana breki akasema, "Huyu ni wangu. Nilikuwa nimwone Alhamisi ijayo."

Walikuwa wametoka kijijini kwao kabla ya jua, wanakwenda kituo cha afya. Kichwa kilimuuma tangu juzi. Macho yalikuwa yanaona nyota. Miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vya plastiki vimeacha alama, na uso pia. Akina mama, mkisoma gazeti hili msikumbuke kitu kingine, kumbukeni haya: mjamzito akiumwa kichwa kisichopoa, akiona giza au nyota, akivimba uso na mikono, akiumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, asingoje kesho. Tulifungua sanduku tukampima presha. Ilikuwa 160 kwa 110. Hiyo ni hatari ya kifafa cha mimba, na ikichelewa huua mama na mtoto pamoja.

Tulimwuliza bibi kwa nini hawakuita bodaboda. Siku hizi pikipiki zimeokoa wengi huku kwetu. Tunakumbuka miaka ambayo mgonjwa alibebwa kwenye machela, wanaume wanne wanapokezana mabegani, na wengine walifia njiani. Bibi alisema pikipiki haifiki kwao, njia ni ya miguu hadi hapa barabarani, na hapa walikuwa wamengoja saa nzima bila ya kupita yoyote yenye nafasi. Na juzi? Juzi walikuwa wanangoja simu ya mume, ambaye yuko Dar es Salaam kwa kibarua, aseme waende au wasiende. Jana alipatikana akasema waende, lakini ilikuwa jioni.

Katika uuguzi kuna fundisho ambalo wataalamu wawili, Thaddeus na Maine, waliliandika mwaka 1994, kwamba mama mjamzito hufa kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Tulilijibia mtihani. Pale kwenye jiwe tuliona mbili za kwanza zimekaa mbele yetu zikiwa na kikapu.

Gari ya mizigo ilipofika tulishusha mabegi ya wageni yote njiani, tukamlaza yule binti kwa ubavu wa kushoto juu ya magodoro ya kulalia, muuguzi mmoja akapanda naye na bibi yake. Dereva alikwenda kwa uangalifu. Kituoni alichomwa sindano ya kuzuia degedege, akapewa dawa ya kushusha presha, na usiku ule ule akapelekwa hospitali. Mtoto alizaliwa kesho yake, wa kiume, mdogo lakini analia. Mama yake alikaa wodini siku tisa. Tumeomba ruhusa yake kuandika haya, naye alikubali, ila jina tusitaje.

Watatu tuliobaki tulikaa na yale mabegi kando ya njia mpaka gari irudi, kama saa moja na nusu. Hapo ndipo mama wa kabichi alipozungumza, tena kwa hasira ambayo hatukuwahi kuiona kwake. Alisema vijiji vyake ni vitano. Kwa miguu humwona kila mjamzito mara moja kwa mwezi, kwa kuwa kila kijiji ni siku nzima ya kwenda na kurudi, naye ana shamba na watoto. Angepita kwa huyu binti juzi angekiona kile kichwa na ile miguu, na angempigia mume simu yeye mwenyewe. Akainyoshea kidole baiskeli iliyolala majanini. "Hii nisingeifikisha nyumbani kwake, ningeiacha kwa watu hapa barabarani. Lakini kutoka Mlalo hadi hapa na kurudi ingeniokolea nusu ya siku. Nusu ya siku mara tano, hesabuni."

Tulihesabu. Ni kweli kwamba kwingineko, kama sehemu za Malawi na Uganda, wametengeneza hata baiskeli zenye kitanda cha kubebea wagonjwa. Kwenye miteremko yetu mgonjwa asingefika salama kwa chombo kile. Lakini mhudumu asiye na mgonjwa, mwenye begi la kadi na mashine ya presha, ni jambo jingine.

Mteremko wa kuingia Mlalo tuliushuka vidole vikiwa vimekauka kwenye breki. Bonde lilikuwa na jua la saa kumi, nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao zimepangana mlimani, na mto Umba unang'aa chini, ule ule unaokwenda kuingia baharini upande wa Kenya. Vijana waliotangulia walikuwa wamekwisha kusimulia kila kitu. Kwaya ilitupokea kwa wimbo, na wanaume wachache walipiga makofi. Mkwe wa mwenzetu alikuwa mstari wa mbele. Alitazama sketi, kibanio na tope. Aliuliza kwanza habari ya yule binti, akajibiwa. Kisha akauliza kama tumekula.

Asubuhi kikundi kiliondoka kuteremka Mng'aro. Wageni wawili waliokuwa wanamalizia safari yao kwa gari waliacha baiskeli zao kwa usharika, bila masharti. Na hapo ndipo safari yetu sisi ilipoanza hasa.

Baraza la wazee lilikutana Jumapili iliyofuata. Pendekezo la kwanza lilikuwa moja apewe mwinjilisti na moja vijana wa kwaya ya kiume kwa ajili ya mazoezi na uinjilisti. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ndivyo vitu vinavyogawanywa. Akina mama katika baraza ni wawili kati ya wazee kumi na mbili, na mmoja ni yule mwalimu wetu. Alisimama akaomba baiskeli moja iwe ya huduma ya wajawazito na wagonjwa, isiwe mali ya mtu, itunzwe nyumbani kwa usharika, na kila mhudumu aandike daftarini alikwenda wapi na alimwona nani. Mzee mmoja alisema wanawake hawatadumu nayo mwezi, itaoza. Mwingine alisema si vizuri mama wa Kikristo kuonekana barabarani ametanua miguu. Mwalimu, ambaye kwa kawaida ni mpole, aliuliza kama ni vizuri aonekane barabarani amekaa kwenye jiwe na presha ya 160. Baraza lilinyamaza. Mchungaji akaomba wapige kura. Kura saba kwa tano.

Vijana wa kwaya walikasirika kwa wiki mbili hivi. Mwinjilisti alipewa yake, na tunamwombea heri. Mara kwa mara tunaona mke wake amepakiwa kwenye keria, na mlima ukianza anashuka.

Daftari letu liko kurasa ya thelathini na kitu. Haikuwa rahisi. Msimu wa mvua za masika njia ni utelezi mtupu na baiskeli hukaa ndani wiki hata tatu. Mnyororo ulikatika mara moja, breki za nyuma zimebadilishwa mara mbili kwa fedha za mauzo ya karanga na vitumbua, na fundi wa hapa hakuwa na vipuri vya gia, ikabidi viagizwe Tanga. Mama wa kabichi sasa hupita kila kijiji mara mbili kwa mwezi, na amewafundisha wahudumu wengine wawili, mmoja wao Mwislamu, yule yule wa beseni. Yeye ndiye hodari wa pancha kuliko sote.

Wiki iliyopita yule mzee aliyesema itaoza alikuja kwa mwalimu jioni. Alizungumza kwanza juu ya mvua, kisha bei ya viazi. Mwisho akasema mjukuu wake wa kike amechaguliwa sekondari, na shule ni mbali, na anaamka saa kumi usiku. Akauliza kama tunaweza kumfundisha, ila iwe alfajiri, kabla watu hawajawa wengi uwanjani. Tumempangia Jumamosi, saa 12.00 kamili. Siti tumeishusha hadi mwisho, maana binti ni mfupi, na bibi mkwe wa mwenzetu ametuletea kibanio cha nguo.